Bosi na makombo ya kipaimara: kisa cha sumu ya vitunguu kwa mbwa

Bosi ni dume chotara wa miaka minne, kilo 18, mlinzi wa nyumba moja pembezoni mwa mji wa Morogoro. Aliletwa Jumatano asubuhi kwa bajaji, amelazwa juu ya gunia, na mwenye mbwa, mama wa makamo, alikuwa na maelezo mafupi: "Daktari, mbwa wangu anakojoa damu. Tangu jana hasimami vizuri. Hawa kupe watamuua."

Kupe walikuwepo kweli, nyuma ya masikio na katikati ya vidole. Fizi zilikuwa zimepauka, na katika weupe ule kulikuwa na ukahawia kidogo. Moyo ulikuwa unapiga mara 168 kwa dakika, anahema haraka, na alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ililegea akaketi. Mkojo alioutoa pale sakafuni ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Anayefanya kazi na mbwa Afrika Mashariki akiona hayo, jina humjia kabla hajafikiri: babesia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao hupasua chembe nyekundu za damu hadi mkojo ukabadilika rangi. Jumanne jioni mhudumu mmoja wa mifugo mtaani alikuwa ameshamwambia mama kwamba anayo sindano ile wanayochomwa ng'ombe wenye ugonjwa wa kukojoa damu. Kwa bahati njema hakupata nafasi ya kufika siku hiyo.

Jambo moja halikukaa sawa. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.8, yaani la kawaida kabisa kwa mbwa. Babesia mara nyingi huja na homa, na bandama huvimba mpaka ukipapasa tumbo unaikuta. Nilipapasa, sikuikuta. Mbwa mwenye babesia anaweza kukosa homa, hasa akishazidiwa, kwa hiyo hilo peke yake halikufuta chochote. Ila lilitosha kunifanya niulize zaidi kabla ya kushika sindano.

Niliuliza Bosi amekula nini tangu wiki iliyopita. Mama akajibu, "Chakula chake cha siku zote, daktari. Ugali na dagaa." Kijana anayemlisha, ambaye tangu aliposalimia alikuwa kimya pembeni, ndiye aliyefungua mlango: "Samahani dokta. Jumamosi tulikuwa na kipaimara pale nyumbani. Makombo yote alikula yeye."

Nikamwomba anieleze hayo makombo bila kuruka kitu. Pilau kidogo sana, maana pilau haibaki. Mifupa michache. Kachumbari nyingi, kwa sababu wapishi walikata vitunguu kupita kiasi na nyanya zikaisha mapema. Halafu ile rojo nzito inayobaki chini ya sufuria la rosti, ambayo sehemu kubwa ni vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikayeyuka. Vyote vilimiminwa kwenye ndoo ya lita kumi, ikafika karibu nusu. Bosi alikula Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi akamaliziwa. Jumapili jioni alitapika, akaharisha, Jumatatu akaonekana amepata nafuu na hakuna aliyelifikiria tena. Jumanne mkojo ukabadilika.

Mpangilio huo wa siku ulinishtua kuliko kupe wote niliowaona. Mbwa aliyekula vitunguu vingi huweza kutapika siku ya kwanza kwa sababu tumbo limechafuka, kisha hutulia, na huku ametulia damu yake inaharibika polepole. Siku ya tatu au ya nne ndipo mwenye mbwa anapoona mkojo wa kahawia, na kufikia hapo sherehe imeshasahaulika na ndoo imeshaoshwa.

Vipimo vilivyotoa jibu havikuhitaji maabara kubwa. Damu kidogo kwenye mrija mwembamba wa kioo ilizungushwa kwenye mashine. Chembe nyekundu zilipotulia chini, safu yake ilikuwa fupi, asilimia 17 ya ujazo wa damu, wakati mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55. Maji ya damu yaliyobaki juu yake, ambayo hupaswa kuwa angavu au ya njano hafifu, yalikuwa mekundu. Mkojo nao ukazungushwa hivyo hivyo. Kama rangi ingekuwa ya damu iliyovuja kutoka kwenye kibofu au figo, chembe zingeshuka chini na mkojo ungebaki mweupe. Haukubadilika hata kidogo, rangi ilikuwa imeyeyuka ndani yake. Hivyo viwili pamoja maana yake ni moja: chembe zinapasukia ndani ya mishipa na rangi yake inachujwa na figo. Kwa hiyo mbwa hakuwa "anakojoa damu" kwa maana ambayo mama aliihofia. Alikuwa anakojoa rangi ya damu iliyokwisha kufa.

Kipimo cha tatu ndicho kilichotenganisha kupe na ndoo. Tone la damu kutoka kwenye ncha ya sikio, mahali ambapo vijidudu vya babesia hupatikana kwa urahisi zaidi, lilipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Nilitafuta kwa muda mrefu ile michoro ya jozi ya machozi ndani ya chembe, sikuiona. Nilichoona ni chembe zenye kinundu kidogo kilichojitokeza ukingoni, kimoja kimoja, karibu kila ulipotazama. Tulipotumia rangi ya methilini ya bluu vinundu vikakolea bluu na ubishi ukaisha. Vinaitwa vinundu vya Heinz, kwa jina la daktari Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890. Ni himoglobini, ile rangi ya damu inayobeba oksijeni, iliyoharibika ikagandamana na kunata kwenye ukuta wa chembe.

Vitunguu hufanyaje hivyo? Vitunguu maji, vitunguu saumu, liki na majani ya vitunguu vyote vina kemikali za salfa, zile zile zinazokutoa machozi ukikata. Zikishasagwa tumboni na kuingia kwenye damu, hushambulia chembe nyekundu kwa kuzinyang'anya uwezo wa kujilinda na uoksidishaji, yaani kuharibiwa na oksijeni. Chembe za mbwa zina ulinzi hafifu kuliko zetu. Himoglobini hugeuka, sehemu yake ikawa aina ya kahawia isiyobeba oksijeni, na ukahawia ule wa kwenye fizi za Bosi ulitoka hapo. Sehemu nyingine huganda ikawa vinundu. Chembe yenye kinundu huwa ngumu na dhaifu. Nyingine hupasuka zenyewe, nyingine hukamatwa na bandama na kuharibiwa. Kupika hakuondoi sumu hii. Kukaanga hakuiondoi, kukausha huifanya ikolee zaidi, na unga wa kitunguu saumu ulio kwenye viungo vya dukani ni mkali kwa kijiko kuliko kitunguu kibichi.

Hapo mama akauliza swali ambalo lina haki ya kujibiwa vizuri: "Lakini daktari, mbwa wetu wote wamekula mchuzi wenye vitunguu miaka yote. Mbona hawakufa?" Ni kweli. Mbwa wengi wa nchi hii wamekua kwa mchuzi wa jana. Kinachoamua ni kiasi kwa uzito wa mwili. Madhara ya wazi kwenye damu ya mbwa yameonekana kuanzia gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa, na tahadhari huanza chini ya hapo, pale kitunguu kilicholiwa kwa mkupuo kinapozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Kwa Bosi wa kilo 18, tahadhari inaanzia gramu 90, kitunguu kimoja cha wastani. Gramu 270, vitunguu viwili vikubwa au vitatu vya wastani, ni eneo la hatari. Kijiko cha mchuzi juu ya ugali hakifiki huko, na uharibifu mdogo mwili huurekebisha bila mtu kujua. Nusu ndoo ya kachumbari na rojo ilipita huko mara nyingi, tena kwa milo miwili. Mbwa mdogo wa kilo nne, wale wa manyoya wanaolala kochini, anafika kwenye tahadhari kwa gramu 20 tu. Paka ni dhaifu zaidi ya mbwa, gramu 5 kwa kilo zinamtosha.

Sikumchoma Bosi dawa ya babesia. Uamuzi huo nauelezea kwa sababu wenzangu wengi wangechoma "kwa usalama", na naelewa kwa nini. Kioo kimoja kisicho na vijidudu hakithibitishi kwamba havipo. Lakini diminazini, ile ya ng'ombe, kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoharibu ubongo, na mhudumu anayekadiria kilo kwa macho huivuka kirahisi. Kumpa mbwa ambaye damu yake tayari haibebi oksijeni ya kutosha dawa nzito ambayo hakuna ushahidi anaihitaji ni kumwongezea mzigo. Tulikubaliana kurudia kioo kesho yake. Kilikuwa safi tena, na vinundu vikiwa vile vile.

Dawa ya kufuta sumu ya vitunguu haipo. Kinachofanyika ni kumbeba mbwa wakati mwili wake unatengeneza chembe mpya. Kutapisha Jumatano kusingesaidia kitu, chakula cha Jumamosi kilishapita kitambo. Tuliweka kanula na dripu ya taratibu, kwa sababu rangi ya damu inayomiminika kwenye figo huweza kuziumiza, na figo zinahitaji maji yatembee. Taratibu, kwa maana dripu ya kasi ingezidi kuizimua damu iliyokwisha kuwa nyepesi. Akawekwa mahali tulivu, asitembezwe, asisisimuliwe na mbwa wengine. Mwili usio na damu unaweza kuvumilia kulala, kukimbia hauwezi.

Alhamisi asubuhi ujazo wa chembe ulikuwa umeshuka hadi 14. Hapo mazungumzo yakawa ya kuongezewa damu, na mama alistaajabu kwamba mbwa huongezewa damu. Huongezewa, na kwa mara ya kwanza huwa rahisi kidogo kuliko kwa binadamu, kwa sababu mbwa ambaye hajawahi kuongezewa kwa kawaida hana kinga za asili zenye nguvu dhidi ya damu ya mbwa mwingine. Bado tulichanganya matone ya damu zao kwenye kioo kuona kama yatagandana. Mtoaji alikuwa mbwa mkubwa wa kilo 34 wa jirani, mzima, aliyechanjwa, ambaye damu yake tuliichunguza babesia kwanza. Hesabu ya kiasi ni rahisi na inafaa kuwa kichwani: mililita 2 za damu kwa kila kilo hupandisha ujazo kwa asilimia 1. Tulitaka kupandisha kwa 10, kwa hiyo 2 mara 18 mara 10, mililita 360. Nusu saa ya kwanza ilikwenda tone kwa tone huku nikimwangalia uso kama utavimba, ngozi, pumzi na joto. Iliyobaki ikaisha ndani ya saa nne. Jioni ujazo ulikuwa 23, na kwa mara ya kwanza tangu afike Bosi aliinua kichwa mlango ulipofunguliwa.

Kuanzia hapo hakushuka tena. Ijumaa mkojo ulianza kufifia, Jumamosi kwenye kioo zilionekana chembe changa, kubwa na zenye ubluu, ishara kwamba uboho umeamka. Alirudi nyumbani Jumapili akiwa na 27.

Sasa turudi Jumamosi ile usiku, maana matibabu haya yote yangeweza kuepukwa na simu moja. Tatizo la vitunguu, na la vyakula vingi vyenye sumu kwa mbwa, ni kwamba muda wa kusaidia kwa gharama ndogo ni ule ambao mbwa anatingisha mkia na hana dalili yoyote. Ndani ya saa moja hadi mbili tangu kula, chakula bado kipo tumboni na daktari anaweza kumtapisha kwa sindano. Baada ya kutapika hupewa mkaa amilifu wa dawa unaofyonza kilichobaki. Anayesubiri aone kwanza kama mbwa ataumwa anautupa muda huo wote.

Ukipiga simu, kuwa na vitu vinne mkononi: kilo za mbwa, alichokula hasa, kiasi kwa kipimo chochote ulichonacho, kikombe, bakuli au vitunguu vingapi, na saa aliyokula. Kilichobaki kwenye ndoo usikitupe, kichukue. Pakiti ya kilicholiwa ije na mbwa. Kama kijana wa Bosi angekuja na ile ndoo, tungefika kwenye jibu dakika tano baada ya kuingia.

Kuhusu kumtapisha mwenyewe nyumbani, naomba usomaji wa makini. Kitu pekee kinachokubalika ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, mililita 1 hadi 2 kwa kilo, isizidi 45 hata mbwa awe mkubwa vipi, na ni pale tu daktari aliyeko kwenye simu amekuambia ufanye hivyo kwa sababu huwezi kumfikia mapema. Ile ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele ni kali zaidi na huunguza tumbo. Paka asipewe kabisa. Mbwa aliyelegea, anayetetemeka au kudegedegea, anayehema kwa shida, au aliyekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza, asitapishwe na mtu yeyote nyumbani, kwa sababu matapishi yakiingia kwenye mapafu utakuwa na ugonjwa wa pili mbaya kuliko wa kwanza.

Mengine tunayofanya kwa upendo yaachwe. Maji ya chumvi ni hatari yenyewe: chumvi nyingi kwenye damu huuvuruga ubongo, na wako mbwa waliokufa kwa chumvi waliyonyweshwa ili waokolewe. Maziwa hayazuii sumu ya vitunguu. Mafuta ya kupikia yakimiminwa kinywani kwa nguvu huteremkia mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi ya mkaa amilifu, hata rangi ikifanana.

Muda kabla ya dalili kutokea hutofautiana kwa chakula, na hapa ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha zaidi. Vitunguu hukupa siku. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye bigijii nyingi zisizo na sukari, hukupa nusu saa: hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla, akaanguka na kudegedegea. Zabibu kavu, zile zinazopambwa juu ya pilau na biriani pwani, huweza kuziua figo ndani ya siku mbili tatu, na hakuna kiasi ambacho naweza kukuhakikishia ni salama. Chokoleti nyeusi huuendesha moyo mbio. Makadamia, ambazo wakulima wa Murang'a na Embu kule Kenya wanazijua, humlegeza mbwa miguu ya nyuma kwa siku moja au mbili kisha kwa kawaida hupona. Kinyunga cha maandazi chenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa kilevi. Mahindi yenye ukungu, ambayo watu huona ni halali kwa mbwa kwa sababu hayafai kwa binadamu, hubeba aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa haliihimili hata kidogo.

Mwezi mmoja baadaye Bosi aliletwa kupimwa. Ujazo wa chembe zake ulikuwa 39, fizi nyekundu, na kupe tumemtibu kwa dawa yao, kwa sababu hatari yao ilikuwa ya kweli hata kama safari hii hawakuhusika. Mama alikuja na swali lingine. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na alikuwa ameamua kwamba makombo ya vitunguu ya shughuli zijazo yatakwenda zizini. Nilimzuia. Ng'ombe huumizwa na vitunguu kwa urahisi kuliko hata mbwa. Mbuzi na kondoo wanastahimili zaidi, lakini ndoo nzima kwa mkupuo sitawashauri hata hao. Kachumbari iliyobaki iende shimo la mboji, na lifunikwe, maana Bosi analijua lilipo.